Mwenye Kauli

Harufu ya mguu ule ilikuwa imeshajaza wodi. Mfuaji alikuwa amezizoea harufu zote za hospitali hii, miaka kumi na tisa akifua mashuka yake, lakini si hii. Kitandani alilala Fundi, mwanamke mshonaji aliyepanga chumba mkabala na chake tangu wote wawili wakiwa na meno yao yote. Sukari ilikuwa imemla kidole, kisha wayo. Juzi kiharusi kikamfunga mkono mmoja na ulimi.

Mfuaji alichomoa fomu kifuani, akamkunjulia daktari.

"Aliijaza mwezi wa tatu, akili zake timamu. Asipoweza kusema, nimsemee mimi. Na alisema mguu ukioza ukatwe. Yeye anashona kwa mikono, alisema, si kwa miguu."

Daktari aliisoma mpaka mwisho. Muhuri ulikuwapo, mashahidi wawili walikuwapo.

"Iko sawa," alisema.

"Iko sawa nini?"

Kaka mtu alikuwa ameegemea mlango, suti imemkaa barabara. Miaka sita hakuwa amekanyaga kwa dadake.

"Huyu dobi ndiye ukoo wetu siku hizi? Dada yangu hazikwi vipande vipande."

"Hajafa, kaka. Muulize mwenyewe, anasikia."

"Sikuja kuongea na mgonjwa." Akamnyooshea daktari simu. "Mkurugenzi wako huyo."

Daktari alisikiliza. Aliitikia "sawa, mkuu" mara nne. Alipoirudisha simu, aliikunja fomu, akaichomeka chini kabisa ya faili.

"Daktari, si umesema iko sawa?"

"Mama, mimi nina kazi hapa. Na wewe unayo, au umeichoka?"

Macho ya Fundi yalikuwa yakihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Mfuaji akamshika kiganja. Kikambana.

"Amenibana! Jamani, mwoneni!"

"Mtoeni huyu," kaka mtu akasema, na mlinzi, ambaye kila asubuhi humpa shikamoo, akamkamata mkono.

Kamba za kuanikia zilikuwa nyuma ya wodi. Mfuaji alisimama kati ya mashuka mabichi, akachungulia dirishani. Kaka mtu alikuwa akisaini fomu ya kukataa mguu usikatwe, daktari akimwonyesha pa kusaini. Nyuma ya migongo yao Fundi aliuinua mkono wake uliobaki mzima, akaupitisha juu ya paja kama mkasi kwenye kitambaa. Mara moja. Mara ya pili.

Muuguzi akaukamata ule mkono, akauzungushia bandeji, akaufunga kwenye chuma cha kitanda, mgonjwa asije akajiumiza.