Kutu Kwenye Kamera ya Masunga

Mbuke aliweka kiroba juu ya meza ya fundi Silvester, kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyeshusha nyoka.

"Kamwene, dada," fundi alimsalimia kwa Kihehe. "Umetoka mbali?"

"Madibira. Ni kamera ya kaka yangu, Masunga. Katapila limeifukua kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga."

Silvester alikuwa ametengeneza kamera za filamu pale Iringa mjini tangu enzi ambazo kila kijiji kilikuwa na mpiga picha wake. Siku hizi alikula kwa kutengeneza saa na redio. Aliifungua ile kamera taratibu. Filamu ilikuwa imegeuka uji mweusi. Vibati vitano vyembamba vya shata, vile vinavyofunguka na kujifunga kupitisha mwanga, vilikuwa vimeshikana kwa mchanga na kutu, nusu wazi.

"Picha hutapata," alisema.

"Sitaki picha. Mama anataka aisikie inalia, basi. Kaka akirudi kutoka kwenye mizunguko yake ya kupiga picha alikuwa anaibofya mlangoni, kacha! Mama akisikia, anapakua chakula. Tangu mafuriko yamchukue ni miaka kumi na moja. Mwili haukuonekana, msiba hatujaweka. Mpaka leo anampakulia."

Silvester alichomoa lenzi, akailoweka shata kwenye petroli, akaanza kukwangua kutu kwa kijiti cha kuchokolea meno. Ilitoka nyekundu, ikamaliza pamba yote aliyokuwa nayo. Mafuta hakuweka, maana hunatisha vibati. Alisaga risasi ya penseli, akavipaka unga wake.

Siku ya pili, saa nane mchana, alikuwa amegeukia redio ya mteja mwingine aliposikia nyuma yake: kacha!

Aligeuka. Vibati vilikuwa vimefunguka vyote. Akajiambia ni springi inalegea. Halafu akakumbuka springi aliichomoa asubuhi. Ilikuwa kwenye kifuniko cha chupa, hapo mbele yake.

Akaifunika ile kamera kwa kitambaa. Tangu hapo hakuipa tena mgongo. Hata alipokuwa anarudisha springi, aliinamia pembeni, asikae mbele ya lile tundu.

Ijumaa Mbuke alirudi. Silvester alimwonyesha pete ya kupimia umbali.

"Hii sijaigusa. Kutu imeishika vile vile alivyoiacha. Mita tatu. Na shata mchanga uliikamata katikati. Kaka yako alikuwa anabofya maji yalipomchukua, dada. Alikuwa anampiga mtu picha, karibu tu, kama kutoka hapa mpaka mlangoni."

Mbuke alikaa sakafuni.

"Mtu huyo ni mimi," alisema. "Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nikamwambia rudi nyuma kidogo, nionekane mpaka miguu. Akarudi. Ukingo wa mfereji ukakatika. Nyumbani nikasema alikwenda peke yake kutazama ng'ombe." Alijifuta pua kwa mtandio. "Kila nikifumba macho, yuko pale ananilenga. Anarudi nyuma, anarudi nyuma, na uso wake siuoni, umefunikwa na kamera."

Mbuke alipomwambia kwamba hawezi kuibeba peke yake, Silvester alifunga duka, wakapanda basi la Mafinga, kisha la Madibira.

Mama yao, Bi Sarah, aliwapokea uani. Silvester alivuta kikono cha kukazia springi, akamwekea kidole chake mahali pa kubofya.

Kacha!

Bi Sarah aliishika kamera sikioni kwa muda mrefu. Mbuke akapiga magoti. "Mayu," alimwita mama yake, na akasema yote, mpaka kitenge.

"Siku ile ulirudi umelowa mpaka kifuani," Bi Sarah alisema. "Mvua hailoweshi hivyo. Nilijua mlikuwa pamoja."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenijibu. Na mimi nilikuwa siwezi kumzika."

Mbuke alijilaza mapajani kwa mama yake, akalia kama mtoto mdogo. Bi Sarah mwenyewe hakulia. Alimpigapiga mgongoni, halafu akaagiza majirani waitwe na mikeka itandikwe.

Kesho yake waliifunga kamera kwa sanda, wakaichimbia shimo nyuma ya nyumba, mchungaji akasoma sala. Silvester alikuwa amepanga kurudi Iringa asubuhi ile, lakini miguu haikumpeleka stendi. Alibaki upande wa wanaume, kwenye moto, siku zote tatu za matanga.

Mzee mmoja aliyekuja kwa kuchelewa alimsogelea, akamuuliza marehemu alikuwa nani wake.

Silvester alisogeza kuni motoni.

"Tulifanya kazi pamoja," alijibu.