Uso wa Mkononi

Kabla hapajakucha nilisikia kwaru, kwaru, kutoka bafuni. Mjukuu wangu, fundi makochi, alikuwa anasugua mkono kwa jiwe la kusugulia miguu. Jiwe langu.

"Mume wangu, utafika mfupani," nikamwambia mlangoni.

"Bora mfupa, Bibi."

Kwenye mkono huo, miaka mitatu nyuma, alichorwa tatuu ya uso wa msichana aliyekuwa naye, msusi. Rafiki yake ndiye aliyemchora, akiangalia picha kwenye simu. Mapenzi yakaisha, wino ukabaki. Sasa ana mchumba, na mchumba kasema wazi: ndoa hakuna mpaka sura ya yule mwanamke itoke. Kuifuta kwa daktari ni ghali, basi mjukuu wangu akaamua msusi amlipe fidia. Akaandika barua ya kurasa mbili. Nilimsihi wiki nzima aache, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe nikavaa viatu nikamfuata, asije akatukana watu.

Saluni ilikuwa na wateja wawili. Msusi alinipa kiti chenye mto, akazima mashine ya kukaushia nywele ili nisikie vizuri. Hakuna aliyemwomba. Mjukuu wangu akasoma barua yote kwa sauti, kasimama kama anahutubia mkutano.

"Nani alikutuma?" msusi akauliza. "Mimi niliomba viatu."

"Ulifurahi ulipoiona."

"Nilicheka. Kucheka na kufurahi ni ndugu, si pacha. Hebu lete mkono."

Akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Wino ulikuwa umetanuka, mashavu yameshuka, kando ya mdomo pameingia mikunjo. Kilemba alichochorwa nacho kilikuwa palepale. Akautazama mkono, akanitazama mimi, akaurudia mkono.

"Huyu si mimi," akasema taratibu. "Huyu ni Bibi."

Wateja wakainuka na vitana vichwani. Mmoja akasema hata chunjua ya kidevuni ipo.

Mjukuu wangu akauvuta mkono wake, akaukodolea macho. Mimi nami nilitaka kununa. Mkono ule nimeupaka mafuta alipougua, na sikujitambua. Tena mashavu yangu hayajashuka kiasi kile.

"Mpigie mchumba wako," nikamwambia. "Usimfiche kitu, mweleze ilivyoanza na ilivyoishia. Kisha aje anione, alinganishe mwenyewe."

"Na fidia yangu?"

"Wa kudai fidia hapa ni mimi. Hukuniomba ruhusa."

Akaikunja barua mara nne, akatoka nje na simu. Tulimsikia akirudia, "Bibi yangu. Ndiyo, huyo huyo." Halafu kicheko cha mchumba kikatoka kwenye simu, kirefu, mpaka akaisogeza mbali na sikio. Nikashusha pumzi.

Kilemba changu kilikuwa kimelegea. Msusi akakifunga upya bila kuniuliza, vidole vyake vyepesi, akanisindikiza hadi mlangoni.

"Njoo tena, Bibi, nikusuke," akasema. "Ila huyo mwache nyumbani."