Gitaa la Mkono wa Kushoto

Fundi redio alikuwa amefungua vitu vingi maishani mwake, lakini gitaa la umeme la zamani namna ile hakuwahi kulishika. Mwenye gitaa, dereva mstaafu wa malori, alilipata kwenye mnada wa vitu vya ukumbi uliobomolewa. Alitaka jambo moja tu: lilie tena.

Lilikuwa jekundu, ila pale mkono wa mpigaji unapoegemea rangi ilikuwa imelika hadi mbao ikaonekana, laini kama kiganja. Fundi alipofungua skrubu alikuta koili mbili za sumaku, zimezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Alikaa akizitazama tu. Miaka yote ile, na waya haukukatika popote. Kilichokufa ni swichi na viungo viwili, akavichomelea upya.

Kilichomkera ni nyuzi. Nene zilikaa upande ambao nyembamba zilipaswa kukaa. Akasema moyoni kwamba kuna fundi alilipua kazi. Ndiyo kwanza anaanza kuzilegeza azipange upya, shangazi yake akaingia na chupa ya chai.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache, na fundi akiongeza sauti ya redio nyumbani, ndiye wa kwanza kuomba ipunguzwe. Aliweka chupa mezani, akabaki amesimama.

"Usizilegeze," alisema. "Hazijakosewa. Aliyekuwa akilipiga anatumia kushoto."

Fundi akamuuliza amejuaje. Shangazi alivuta kigoda, akalipakata gitaa, na mkono wake ukatua palepale palipolika rangi, ukaenea sawasawa. Fundi akawasha amplifaya bila kuambiwa.

Sauti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikatoka nzima. Ya tatu shangazi akaivuta kwa kidole, ikapanda, ikakaa hewani ikitetemeka mpaka vikombe vikaitikia. Halafu akaachia vidole vikimbie. Fundi alikuwa na santuri za roki tele, na siku zote aliamini mikono ya namna ile ni ya watu wa mbali, wa kwenye majalada. Sasa mikono hiyo ilikuwa mbele yake, na mwenyewe amevaa kandambili, futi ya kitambaa shingoni.

Dereva mstaafu alikuja kulichukua gitaa lake, akaganda mlangoni. Akavua kofia.

"Radi," alisema polepole.

Ndivyo watu walivyokuwa wakimwita shangazi, enzi zake za bendi. Dereva akasimulia kwamba siku moja umeme ulikatika Radi akiwa katikati ya solo, na ukumbi mzima ukaimalizia kwa midomo, gizani, noti kwa noti. Shangazi akacheka, akasema solo hiyo ameshaisahau nusu. Dereva hakuwa ameisahau. Akaanza kuiimba, na shangazi akamfuata kwa vidole hadi mwisho.

Walipotulia, fundi akauliza kwa nini aliacha.

"Bendi ilivunjika," shangazi alisema. "Na wewe ulikuwa na miezi saba, mama yako tumetoka kumzika. Nikamwachia mwenye ukumbi gitaa, akanipa cherehani ya mkewe. Usinitazame hivyo, mwanangu. Sikuonewa. Nilichagua."

Fundi akammiminia chai.

Dereva alikataa katakata kuondoka na gitaa. Shangazi naye akakataa kupewa, akasema chake alishakitoa. Mwishowe wakakubaliana libaki pale karakana. Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, dereva huja na kiti chake cha kukunja. Ncha za vidole vya shangazi zilichubuka wiki mbili, kisha sugu zikaota upya, na wateja wa redio wakazoea kungoja nje, kimya, mpaka amalize.