Chui Aliyeacha Usiku

Maneno yale niliyasikia mtoni tukiteka maji, na mpaka leo sijui nani aliyeyasema kwanza. Ati mabomu yanayoangushwa kwenye msitu wa mlima yamewafukuza chui huko juu. Wameteremka. Na kwa vile usiku siku hizi ni wa askari na bunduki, chui wameacha kutembea usiku. Sasa wanatembea mchana kama sisi.

Wanawake walicheka, nami nikacheka nao. Lakini maneno yale yalinikaa kama mwiba uliovunjikia kisiginoni.

Ilikuwa ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Kijiji tulichosukumiwa kilikuwa chini ya Kanja, pale mashamba yanapoishia na nyika ya Mbeere inapoanza. Tulizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na lango lilifunguliwa muda mfupi tu mchana, tutafute kuni na chakula, homgadi, askari mwenyeji wa serikali, akitulinda. Mume wangu alikuwa kizuizini. Nilibaki na Wawira, binti yangu wa pekee, na hakuna msichana kijijini aliyemshinda mbio. Mbio hizo ndizo zilizoninyima usingizi.

Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na njaa, na kulikuwa na duma.

Igoki, mwanamke wa Mbeere aliyeolewa kwetu, ndiye aliyetufundisha kwamba huko kwao duma akiua swala, watu humnyang'anya. Mnapiga sufuria, mnapiga kelele, naye anaondoka bila ugomvi.

"Lakini mwangalieni vizuri kwanza," alituambia. "Duma ni mwembamba kama mbwa wa kuwinda, miguu mirefu, kichwa kidogo. Kila jicho lina mstari mweusi unaoshuka mpaka mdomoni, kama mtoto aliyelizwa na moshi wa jikoni. Madoa yake ni meusi tupu, kama maharagwe ya njahi yaliyomwagika. Ya chui yana tundu katikati. Na mchangani duma huacha alama za kucha kama mbwa. Chui anazificha."

Tulienda na Igoki, tukala nyama. Kazi ya Wawira ilikuwa kukimbia mbele na kufunga kamba kwenye mguu wa swala, tuvute haraka kabla homgadi hajaja kudai paja lake.

Kisha Igoki akapewa ruhusa ya kwenda kwao kwenye msiba. Aliyebaki kutuongoza ni jirani yangu Nelius, mama wa watoto wengi, mwenye mdomo wa kuchekesha hata siku ya njaa. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wake walikuwa wamevimba miguu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Nelius aliona mgongo wenye madoa kwenye nyasi, chini ya mgunga, na swala amelala pale.

"Haya akina mama," akasema, "karamu imeandaliwa. Wawira, kamba iko wapi?"

Tulivuka mto uliokauka. Hapo mchangani nikaona nyayo. Zilikuwa za mviringo, nzito, laini. Niliinama. Hazikuwa na kucha.

"Nelius, ngoja. Hizi hazina kucha."

"Tangu lini umekuwa mwalimu wa nyayo?"

"Igoki alisema..."

"Igoki hayuko. Mama Wawira, hebu sikia. Chui umemwona lini mchana wewe? Chui ni kama homgadi mlevi. Jua likiwaka, analala!"

Wakacheka. Kwetu juu milimani hivyo ndivyo tulivyolelewa: chui ni wa usiku, unamsikia akikohoa nyuma ya zizi, humwoni. Kwa hivyo mwenye madoa akionekana mchana, basi ni duma. Hesabu hiyo ilikuwa sawa kabla ya mabomu.

Nilipoinua macho, Wawira alikuwa ameshatangulia na kamba mkononi.

Sufuria zikaanza kulia. Duma angesimama hapo hapo, angetazama, angeondoka. Huyu hakusimama. Alijishusha. Tumbo liligusa ardhi, masikio yakalala, na ncha tu ya mkia ikawa inacheza. Kichwa kilikuwa kikubwa kama mtungi. Usoni hakukuwa na mstari wowote.

"Wawira," nikasema, wala sikupiga kelele. "Usigeuke. Usikimbie, mwanangu. Rudi kinyumenyume."

Yeye aliyependa kukimbia, akanitii. Mguu mmoja, kisha mwingine. Kamba ilianguka na hakuiokota. Nikamshika kwa nyuma ya gauni, nikamvuta kwangu. Akina mama wengine walikuwa wameshusha sufuria.

Nelius peke yake hakushusha yake. Aliona nyama inaachwa. Akapita kando yetu, akipiga sufuria yake, akisema, "Toka! Toka wewe, nina watoto!"

Sikumwona chui akiruka. Niliona sufuria ikibingirika.

Munyi, yule homgadi, alikuja mbio akapiga risasi. Ilimpata chui mguu wa nyuma, akaingia kichakani akiburuta. Hakuna aliyemfuata. Tulimbeba Nelius kwa kanga, ngozi ya kichwa ikiwa imefunguka, na tulipofika lango likafungwa nyuma yetu. Kafyu ni kafyu, hakuna kutoka kwenda hospitali. Dawa iliyokuwapo ni maji ya chumvi. Vidonda vya kucha za chui huoza upesi, na vyake vilioza. Tulimzika nje ya handaki, Munyi akituhimiza tumalize.

Tulipotoka makaburini Wawira aliniambia polepole, "Mama, mabaki ya yule swala sasa yako juu ya mti. Nimeyaona toka kaburini."

Juu ya mti, chui anakoficha nyama yake. Basi alikuwa amerudi, na mguu wake mbovu, na hasira yake. Mnyama wa namna hiyo hawindi tena swala. Anawinda kilicho na mwendo wa pole.

Hakupatikana. Na watoto wetu bado walikuwa wanatumwa kuni huko. Kwa hiyo kila mwanamke niliyekutana naye mtoni nilimwambia: mama mwenzangu, epuka haya:

Usimtume mtoto peke yake ng'ambo ya mto uliokauka, hata mchana.

Usisogelee nyama ambayo humjui muuaji wake.

Usipite chini ya mti wenye nyama juu yake.

Usifuate nyayo za mviringo zisizo na kucha.

Usimpigie kelele mnyama aliyejishusha chini.

Usimpe mgongo. Usikimbie.

Usiseme ni duma mpaka umeona mistari ya usoni, na ukiwa karibu kiasi cha kuiona, umeshakaribia mno.