Miaka Sita ya Golikipa Niyongabo

Orodha ya wachezaji wa Pelikani inatokaga Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alhamisi hiyo Destin aliisoma jikoni, Doonside, simu mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, ugali bado haujakaza. Aliisoma mara tatu. Kwenye nafasi ya golikipa kulikuwa na mstari mtupu.

"Golikipa hayuko," alisema.

"Nipo," Niyongabo alijibu. Alikuwa mezani anakata nyanya.

"Uko hapa. Huku hauko."

Niyongabo alifuta mikono kwenye suruali, akaangalia simu, akarudi kwenye nyanya zake. Alizikata zote mpaka ya mwisho.

Pelikani ni timu ya hoki ya barafu. Wachezaji ni watu wenye kazi zao za wiki, mafundi bomba, madereva, na Jumamosi mchana wanacheza bila kulipwa. Niyongabo ni Mrundi. Aliingia pale kama msafishaji wa vyoo vya uwanja, siku moja golikipa hakuja, wakamvika yeye pedi wakamsukuma golini. Ikawa hivyo miaka sita. Destin ni Mkongo wa Bukavu, anapakia kuku wa friza ghalani, kwa hiyo baridi si habari kwake. Shule aliacha darasa la kumi. Viatu vya kuteleza hajawahi kuvaa. Lakini kila Jumamosi yuko safu ya tatu, anamfundisha kocha kazi, na kocha ameshazoea.

"Rufus ana kichaa," Destin alisema. "Beki zetu ni mbovu, zinafungua kama mlango wa duka. Kitu kizuri tunacho ni golikipa. Sasa anatoa golikipa?"

Rufus ni meneja wa timu. Sababu yake ilikuwa imeandikwa chini ya orodha, mstari mmoja: kuanzia sasa hakuna mchezaji wa zaidi ya miaka thelathini na miwili.

Kabla ya hapo kulikuwa na barua. Mwezi wa tano kapteni, Bruno, alipigwa na paki, kile kidude cheusi wanachochezea, taya likavunjika. Ambulansi ilimbeba, na deni la ambulansi likamfuata nyumbani. Wachezaji wakaandika barua: mtu akiumia anachezea timu, timu ilipe hospitali. Wote walisaini. Wa kwanza alikuwa Niyongabo, maana kalamu ilikuwa yake. Rufus aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Baada ya wiki mbili ikaja sheria ya umri, na katika timu nzima ilimkamata mtu mmoja tu.

Kwenye karatasi Niyongabo ana miaka thelathini na minne. Kwa ukweli ana ishirini na minane. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, siku ya kuandikishwa, alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kama mlingoti, na baba yake akamwambia karani ni ishirini, ili kijana apate kadi yake mwenyewe ya mgao. Karani akaandika tarehe moja Januari, kama alivyomwandikia kila mtu. Nyumba ile ya Doonside wako watatu na wote wamezaliwa tarehe moja Januari, wananunua keki moja. Dada yake, Verdiane, amemtangulia miaka miwili, yeye ndiye alimbeba mgongoni. Lakini kwenye karatasi Niyongabo amemtangulia dada miaka minne.

"Kaka mkubwa," Verdiane anamwambiaga akirudi kutoka kazi yake ya kutunza wazee, viatu mkononi, "vyombo havijioshi."

Jumatatu Niyongabo alienda ofisi moja ya serikali Bankstown kurekebisha umri. Mama wa dirishani alikuwa mpole.

"Unataka tupunguze miaka sita," alisema. "Iko wapi?"

"Haipo. Sikuiishi."

"Kama haipo hatuwezi kuitoa. Lazima tuione."

Niyongabo aliona ni haki. Aliacha anwani ya nyumbani.

Miaka ilifika Jumatano, na treni ya saa tisa na dakika kumi. Ilitembea kutoka stesheni kwa mstari, sita, kila mmoja amebeba ule mfuko mweupe wa plastiki wa nyaraka, ule ambao kila aliyekuja kwa njia ya kambi bado anao kabatini. Verdiane alifungua mlango. Mbele yake wamesimama akina Niyongabo sita.

"Sisi ndiyo ile miaka," ulisema wa kwanza.

"Mmechelewa sana."

"Kambi ilifungwa, tukakosa gari."

Verdiane alihesabu vikombe. Vilikuwa vitano. Akasema mmoja atasubiri.

Miaka ilikaa kwenye kochi, magoti yamebanana. Ilikuwa na sura ya Niyongabo, urefu wa Niyongabo, ila haikuwa na kovu hata moja, maana hakuna kilichowahi kuitokea. Mwaka wa Nne ulikuwa na ndevu kidogo. Mwaka wa Sita ulikuwa kimya kuliko yote. Ilikunywa chai na ilipoungua midomo iliangaliana kwa furaha. Destin aliporudi kutoka ghalani aliisalimia kwa mkono, mmoja mmoja, akauliza nani amekalia rimoti.

Usiku huo huo Bruno alituma ujumbe kwa kila mtu. Jumamosi hawachezi, mpaka barua ijibiwe na golikipa arudi.

Hapo Destin akavurugika. Alizunguka sebuleni akikanyaga miguu ya miaka.

"Mi niko na wachezaji," alisema. "Kabisa. Lakini Jumamosi ni mechi kubwa, tukikosa alama mbili tumekwisha. Yaani wagome, sawa, wana haki. Lakini wacheze. Sijui. Wagome Jumapili?"

"Jumapili hakuna mechi," Niyongabo alisema.

"Ndiyo maana nasema."

Alikaa chini. Aliangalia kochi. Akasimama tena.

"Bon, sawa. Rufus anasema una miaka sita ya ziada, si ndiyo? Ile hapa. Tunampelekea. Tunamwambia hesabu, toa. Yeye mwenyewe ataona uko na ishirini na minane. Anakurudisha, wenzako wanaingia, tunacheza. Imekwisha."

Niyongabo alifikiri. Yeye alitaka golini tu. Pale golini, alimwambia Destin siku moja, ndiyo mahali pekee duniani ambapo mtu akirusha kitu unajua kinatoka wapi.

"Ofisi ya Bankstown ndiyo ilitaka kuiona, siyo Rufus," Verdiane alisema. "Msimpelekee yule mtu kitu chenu."

"Yaya, we hujui hoki," Destin alimwambia, kama ni dada yake mkubwa.

"Hoki sijui. Mameneja nawajua."

Walienda. Jumamosi saa sita mchana wachezaji walikuwa wamesimama nje ya uwanja na mabango ya maboksi. Bruno hakuweza kufungua mdomo, taya limefungwa waya, kwa hiyo alikuwa anapiga fimbo chini. Watu wanane walipita katikati yao. Bruno alihesabu, akamwangalia Destin.

"Ni miaka ya huyu," Destin alimwambia. "Tunakuja kusaidia."

Rufus alikuwa ofisini kwake anakula mkate wa nyama. Ni mtu asiyependa kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole, akahesabu miaka kwa kalamu, moja mpaka sita.

"Sita," alisema. "Ni kweli. Niyongabo, una ishirini na minane. Sheria haikugusi."

Destin alipiga makofi.

"Kwa hiyo anacheza?"

"Angecheza." Rufus alikuwa bado anaangalia ile miaka. "Inajua kuteleza?"

"Ni yeye," Destin alisema, kwa haraka na kwa majivuno. "Kila anachojua yeye, inajua."

"Kuna barua imesaini?"

"Haijawahi kushika kalamu," alisema Niyongabo taratibu. Yeye alikuwa ameshaanza kuelewa.

"Vizuri. Kwenye barafu wanaingia sita." Rufus alivuta karatasi, akaandika jina moja, Niyongabo, maana yote ilikuwa na jina moja na kadi moja. "Basi nafasi zimejaa."

 Kwa mara ya kwanza Destin alikuwa hana maoni kuhusu orodha.

Aliifuata miaka mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Ilikuwa inavaa pedi, inasaidiana kufunga kamba.

"Sikieni," alisema. "Tokeni. Mkicheza mnawaua wale wa nje. Na huyu ndugu yenu anakosa nafasi."

Mwaka wa Kwanza ulimwangalia bila hasira.

"Kaka, tumekaa miaka kumi na minne hatuna kazi," ulisema. "Hii ndiyo ya kwanza tumepewa."

Destin alijua angejibu nini kama ni mtu mwingine. Yeye mwenyewe kule ghalani anaitwa kwa ujumbe wa simu, saa kumi alfajiri, na alishaitwa kuziba nafasi ya watu asiowajua wameenda wapi. Hakuuliza. Alivaa glovu akapakia kuku. Basi akasema, "Beki ya kulia isipande sana," akatoka.

Mechi iliisha tano kwa moja. Mwaka wa Sita ulisimama golini, mitano mingine ikacheza mbele. Ilipeana paki bila kuangaliana. Destin alikaa safu ya tatu. Bao la kwanza alishangilia, akakumbuka, akakaa. Bao la pili akakaa, akajikuta amesimama. Kati ya kelele na kelele alikuwa anasikia fimbo ya Bruno nje ya ukuta, tok, tok, tok. Watu waliomzunguka walikubaliana kwamba kikosi kipya kinaelewana vizuri. Mmoja alisema wanafanana kidogo.

Wiki ya tatu Mwaka wa Pili uligongwa ukutani, ubavu ukavunjika. Rufus alisema hauko kwenye orodha kama mtu, uko kama mwaka, ambulansi haiwezi kuitwa kwa mwaka. Niyongabo aliuweka kwenye gari lake akaufunga mkanda. Walipofika hospitali ya karibu, kiti kilikuwa kitupu, mkanda bado umefungwa. Yeye ndiye aliyekuwa hawezi kushuka. Ubavu ulikuwa wake.

"Tarehe ya kuzaliwa?" muuguzi aliuliza.

"Moja Januari."

Muuguzi aliandika. Asubuhi Niyongabo aliamka na miaka ishirini na tisa, na mvi tatu juu ya sikio. Alikuwa pia na kumbukumbu ya mwaka mzima, wa kukaa mahali penye vumbi akisubiri jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti. Halikusomwa.

"Kumbe ndivyo inavyofanya," Verdiane alisema, akamletea chai kitandani. "Basi waumie polepole."

Wa Tano ulifuata, goti. Halafu wa Kwanza, mkono. Wa Tatu ulipoteza meno mawili, na Niyongabo akatema mawili kwenye sinki la jikoni, akafungulia maji. Wa Nne, wenye ndevu, ulianguka tu, hakuna aliyeugusa. Niyongabo akapata mgongo na ndevu. Kila mara deni la hospitali lilikuja Doonside, jina lake, sawasawa, herufi zote.

Kikosi kilipopungua, Rufus aliwapigia simu wachezaji, mmoja mmoja, siyo kwa pamoja. Wa kwanza kurudi alikuwa fundi bomba. Alisema msimu unakwisha na yeye hana kingine anachokipenda. Wengine wakafuata wakiwa wameinamisha vichwa. Bruno alirudi wa mwisho, waya umetolewa, mdomo umepinda kidogo. Destin alimsubiri mlangoni.

"Na barua?" aliuliza.

"Anayo mfukoni," Bruno alisema.

"Sasa nani ameshinda?"

"Sisi tuko wa pili kwenye msimamo."

"Siulizi hiyo."

"Najua," alisema Bruno, akaingia.

Niyongabo naye alirudi kwa Rufus na karatasi ya daktari, inayoonyesha alicholipa kwa mwili wake. Rufus aliisoma yote. Alisikitika, ilionekana. Lakini Niyongabo sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, karatasi na mwili vinakaribia kukubaliana, na sheria ni ya thelathini na miwili.

Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane alikuwa safu ya tatu, pembeni ya Destin, kajifunga skafu, kakalia mto kwa sababu ya mgongo. Golini ulikuwa umesimama Mwaka wa Sita, peke yake, mzima. Jina mgongoni lilikuwa Niyongabo.

"Yule ni mzuri," Niyongabo alisema.

"Ni mzuri," Destin alikubali. Aliona aibu, hakujua ya nini hasa. Mpaka dakika za mwisho mechi ilikuwa mbili kwa mbili. Beki zilikuwa zile zile, zilifunguka, na mtu wa timu nyingine akatoka peke yake na paki, anakuja mbio. Destin aliruka juu bila kufikiri.

"Niyongabo! Kushoto! Kushoto!"

Pembeni yake mkono wa kushoto wa Niyongabo ulichomoka kwenye skafu, ukadaka hewa, vidole vikajifunga. Kule chini Mwaka wa Sita ulidaka paki.

Uwanja mzima ulipiga kelele za jina lake. Niyongabo alifungua kiganja. Katikati kulikuwa kumevilia damu, alama ya duara. Alikiangalia kidogo, akakirudisha ndani ya skafu, akauliza zimebaki dakika ngapi.