Mitungi Yenye Sura

Hapana, hujaona vibaya, hizo ni sura za watu. Hii yenye pengo ni mke wangu Kanini, ukimwona akitoka jikoni utajua. Alichorwa na mjukuu wetu Nthenya, yule anasomea mambo ya kuchora na kompyuta huko Nairobi. Mimi nilidhani wanafundishwa kutengeneza kadi za harusi. Kumbe mwalimu wao aliwaambia warudi nyumbani, watafute kitu si ya haki, wachore bango, na hiyo bango ifanye mtu abadilike. Isikuwe tu maridadi.

Na hapa Kyuso hangetafuta mbali. Kisimani hapo, mama anaamka mapema, anaweka mtungi wake wa plastiki kwa laini, anaenda kupalilia ndengu. Mtungi ndiyo unamshikia nafasi. Lakini watu wa mikokoteni ya punda, wale wanachota maji waende wakauze, walikuwa wanakuja wanasukuma mitungi kando na mguu. Yote ni ya njano, nani atajua ni ya nani? Mama akirudi anajipata mkia. Watoto wanatoka shule, hata uji haijapikwa.

Basi Nthenya akachora karatasi. Punda mkubwa, mama mdogo chini yake. Ilikuwa nzuri, mimi sikusoma sana lakini nilielewa. Akapika gundi ya unga, akabandika soko yote siku ya mnada. Sasa wewe jiulize, mnada ya huku ni ya nini? Ni ya mbuzi. Walilamba ile unga wakakula na karatasi. Mzee Kiilu akamwambia, "Mjukuu, usijali. Mbuzi zangu sasa zinajua haki zao."

Tulicheka, naye akacheka. Halafu akaanza kuhesabu siku. Koleji ilikuwa karibu kufunguliwa, na wamama walikuwa bado wanasukumwa.

Kesho yake akafuata Kanini kisimani, akaona kwa macho yake mguu ukipiga mtungi wa nyanya yake. Akarudi na makopo ya rangi, akamwita nyanya yake.

"Susu, leta mtungi."

"Unataka kuniharibia?"

"Nataka kukuchora."

"Basi nipatie meno yote."

"Nitakuchora vile uko. Wakuone."

Wamama wengine kusikia hivyo, wakaja na mitungi yao. Mmoja anataka kitambaa cha kanisa, mwingine ati amechorwa mzee sana. Chini ya kila sura Nthenya akaandika: NIKO HAPA.

Sasa kuna huyu Nyamai, ameoa msichana wetu Beth, anauza maji na punda wawili. Siku hiyo alifika akipiga mluzi. Mguu umeshainuka, akaona mama mkwe wake anamwangalia.

Na wewe unajua sisi Wakamba na mama mkwe. Hata njiani mtu anampisha. Sasa huyu ameinua mguu mbele ya uso wake. Aliirudisha chini pole pole, kama mtu amekanyaga karibu na nyoka. Akavua kofia. Alivulia mtungi kofia, mimi nikiona. Wamama kwa shamba waliacha jembe.

"Nyamai, si umsalimie," mmoja akaita.

"Sikujua ni yake," akasema.

Nthenya akamwuliza, taratibu tu, "Uncle, na hizi zingine ni za mama ya nani?"

Nyamai aliangalia zile sura moja moja. Aligeuza punda, akaenda akasimama nyuma ya laini. Wenzake walipofika walitaka kupita, lakini yeye akawaambia, "Laini inaanza huku." Na hadi leo inaanza huko.

Zamu ya wamama ilipoisha, Nyamai alibeba mitungi yetu kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Jua bado lilikuwa juu, na Kanini alikuwa ashaweka muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kuku. Lakini Nyamai akakataa kuingia. Amesimama kwa geti na punda zake, anaangalia chini. Sisi nasi hatuwezi kula mkwe akiwa kwa geti. Chakula inatoa moshi, watoto wanameza mate.

Kanini akatuma Nthenya. "Mwambie yule wa mtungi amemsamehe. Huyu wa jikoni atamsamehe akikula."

Nyamai akaingia, kofia mkononi, akakaa mwisho kabisa, kando yangu. Nthenya akatunawisha mikono sisi wote. Kanini akasukuma sufuria ya kuku upande wa mkwe, akavuta kiti chake mlangoni mwa jikoni, si mbali si karibu na mkwe, akakaa. Basi tukakula.