Kipindi Kisichofunguka

Siku aliyohamisha tovuti nzima ya redio kwenda kwenye mashine mpya, fundi wa seva alijiona kidume. Ukurasa wa mbele ulifunguka chapuchapu, akajipongeza kwa chai. Jamani, fundi gani anayekagua mlango, vyumba asiviangalie?

Wiki tatu baadaye, akipitia kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kurasa zote zilizoombwa, aliona anwani moja ikijirudia. Kila asubuhi saa moja na robo iliombwa, na kila asubuhi seva ilijibu: ukurasa haupo. Ilikuwa anwani ya kipindi cha mwisho cha mdogo wake, mtangazaji aliyefariki mwaka juzi. Na simu iliyoiomba ilikuwa ya aina ya kizamani, ile aliyomnunulia mama yake yeye mwenyewe. Ni mama!

Anwani za tovuti ile ni fupi, na seva hutakiwa izigeuze kimyakimya mpaka lilipo faili lenyewe. Fundi alikuwa amehamisha kanuni za kuzigeuza, ila kwenye mashine mpya kazi hiyo ilikuwa imezimwa, wala seva haikuwa na ruhusa ya kuzisoma kanuni zenyewe. Akaiwasha, akatoa ruhusa, akaizima seva na kuiwasha upya. Akajaribu. Kicheko cha mdogo wake kikamjaa masikioni, akakikata upesi, machozi yakimlengalenga.

Akarudi kwenye kumbukumbu. Siku ya nne leo simu ile haijaomba kitu. Akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, kipindi cha mdogo wangu kilikuwa hakifunguki. Mbona hukuniambia?"

"Si wewe uliyeniambia inatosha?"

Kweli alisema. Siku chache kabla ya kuhamisha tovuti alimkuta mama mezani, macho mekundu, simu sikioni akisikiliza kipindi kile, akachoka, akaropoka: mama, sasa inatosha.

"Nikajua umekifunga ili nizoee," mama akasema. "Sikukasirika. Nilikuwa najaribu tu kila asubuhi, labda umenihurumia. Majuzi nikasema basi, nisimsumbue mwanangu."

"Sikukifunga, mama! Wallahi sikukifunga. Nilisahau tu."

Neno "nilisahau" lilipomtoka ndipo alipolisikia. Aibu ikamshika, akatamani angekuwa amekifunga kwa makusudi.

"Ulisahau," mama akasema taratibu. "Haya, baba. Sasa kinafunguka?"

"Kinafunguka."

"Basi ngoja nimsikilize," akasema, akakata simu.